Heshima ya Kulishwa Sumu

Kwetu Kindu, mashariki ya Kongo, kuna magonjwa ya wakubwa na kuna magonjwa ya watu hivi hivi. Ukiwa na sukari, watu wanakupa kiti. Ukiwa na tansio, ile presha ya damu, wanashusha sauti ukipita, maana tansio ni ya mtu mwenye mambo mengi kichwani. Lakini ukiwa na tumbo, tumbo tu, la kujaa hewa na kukukimbiza msalani mara tatu kabla ya saa nne, basi bwana wee, wewe huna ugonjwa. Una kichekesho. Na Nestor alikuwa na tumbo.

Nestor huyu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, mtu wa kofia na filimbi, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Chef. Miaka sitini na mitatu, suruali ya pasi, viatu vya kung'aa hata wakati wa matope. Kila asubuhi alikwenda barazani kwa Godefroid, mtaa wa Kasuku, wastaafu wa reli walipokaa wakicheza dame, ile drafti, kwa vifuniko vya chupa. Alikaa pembeni, karibu na njia. Alikuwa na sababu zake.

Tumbo lenyewe halikuwa na adabu. Lilianza chini ya kitovu, likamkaza, likavimba mpaka mshipi ukamuuma, kisha likanguruma mbele ya watu wazima. Akienda msalani, linapoa. Akirudi kukaa, linafikiri kidogo, linaanza tena. Wiki hii anahara, wiki ijayo siku nne hapati kitu, anakaa msalani anasali rozari nzima bila jibu. Alikijua kila choo kati ya kwake na barazani, na aliwajua wenye roho mbaya wanaotia kufuli. Harusi ya mtoto wa kaka yake kule Kibombo hakwenda. Nani atasimamisha gari porini kila nusu saa kwa ajili yake?

Na wenzake, Mungu awasamehe, hawakuwa na huruma. Kila aliponyanyuka ghafla, Godefroid alipiga mluzi na kupaza sauti, "Treni ya haraka inaondoka! Abiria wakae mbali na reli!" Baraza zima lilikufa kwa kicheko. Mtu aliyeongoza treni miaka thelathini, leo anapigiwa mluzi na aliyekuwa karani wa mizigo! Nestor alijikaza, akatembea kwa heshima mpaka kwenye kona, na baada ya kona ilikuwa mguu niponye.

Tumbo hilo lilizaliwa wakati wa vita, na mwenyewe alijua mwaka wake. Ilikuwa 2002. Mji ulizingirwa, ndani wenye bunduki, nje wenye bunduki, na katikati sisi tusio na kitu. Treni zilisimama. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya risasi. Watu walikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, bila mawese, majani matupu. Kuni zilikuwa porini, na kwenda porini ilikuwa kufa kupona, basi maji ya Lualaba yalinywewa bila kuchemshwa. Nestor akashikwa na kuhara damu wiki tatu. Alibaki mifupa na macho.

Aliyemwokoa alikuwa mke wake, Albertine. Alitoa vitenge vyake viwili vya harusi, akapata kikombe cha mchele na chumvi ya kufungwa kwenye karatasi. Alimpikia mumewe uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, na yeye mwenyewe akageukia ukutani akala maganda ya muhogo aliyoyachemsha mara mbili. Nestor aliona. Alikuwa mgonjwa lakini hakuwa kipofu. Aliona, akameza uji wake, akanyamaza.

Kuhara damu kulipona. Kilichobaki ni mlango. Wakati ule wenye bunduki walikuwa wakigonga kwake kila mara, "Chef, treni inafika lini?" utadhani ameificha chini ya kitanda. Kila mlango ulipogongwa, tumbo lilijikunja. Vita ikaisha, bunduki zikaondoka, treni ikarudi kwa kusuasua, na tumbo halikupata habari. Hata leo mtoto wa jirani akigonga kuomba moto, tumbo la Nestor linasimama tayari kukimbia.

Dawa alizitafuta, asije mtu kusema hakuzitafuta. Kindu kila tumbo ni amiba mpaka ibainike vingine, basi alimeza vidonge vya amiba kiasi cha kuua amiba wa Maniema nzima na wageni wao. Mchungaji mmoja alimfungisha siku saba. Tumbo likatulia, maana lingefanya kazi gani bila chakula? Kanisa likashangilia. Siku ya nane alikula maharagi, na pepo, kama alivyoitwa, akarudi na ndugu zake. Kuna mganga pia aliyempiga bomba la maji ya pilipili kwa nyuma, na hiyo tuiache, kuna watu wanakula.

Mwezi wa pili mwaka huu, Albertine mwenyewe ndiye aliyemsukuma. "Baba Jeannot, muone yule docta mupya. Wanasema anasikiliza." Docta mwenyewe alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, Tshiela, wa familia za Kasai zilizokuja zamani na kazi ya reli. Alimpima choo, akampima damu, akampitishia ile mashine ya kuangalia tumboni. Akamuuliza maswali yaliyomtoa Nestor jasho jembamba: Papa, unatoka damu? Unakonda? Una homa? Maumivu yanakuamsha usingizini? Hapana, hapana, hapana, na hapana. Siku ya majibu docta alitabasamu.

"Papa, hakuna kidonda. Hakuna amiba. Hakuna uvimbe."

"Basi sina kitu," akasema Nestor, na uso ukamshuka. Miaka ishirini na zaidi ya taabu, halafu hana kitu!

"Uko na kitu, papa. Maumivu ni ya kweli, usikubali mtu akuambie unajifanya. Ni utumbo unaokasirika upesi. Tunauita colopathie. Chanzo chake chote hatukijui bado. Lakini kuna watu wanaugua kuhara kukali, kunapona, na utumbo unabaki mwepesi kushtuka. Tena utumbo na kichwa vinapigiana simu mchana kutwa. Ukiogopa juu, chini kunasikia." Akaweka kalamu. "Ilianza lini?"

Nestor akamwambia habari za kuhara damu. Za mlango hakusema.

"Haiui," akasema docta. "Na haiishi kwa siku moja. Lakini inatulizwa. Andika unachokula na namna tumbo lilivyojibu. Kwa wengi maharagi, kabichi, kitunguu, pilipili na bia ndio wachokozi. Wewe tafuta wako. Kula kidogo kidogo, kwa saa yake. Tembea kwa miguu. Nitakupa dawa ya mkazo, ya siku mbaya tu. Ukiona damu, au ukikonda, rudi mbio. Na ile hofu, papa, uiseme kwa mtu. Kwa mama, kwa mfano."

Hofu! Neno hilo lilimchoma Nestor kuliko bomba la pilipili. Alitoka pale na karatasi ya docta mfukoni, anatembea anahesabu atakavyolisema barazani. Jamani, nina utumbo wenye hofu. Godefroid atapiga mluzi mpaka usikike Kalima.

Alipofika, vifuniko vikasimama. "Ee Chef, docta alisema nini?"

"Hawakuona kitu," akajibu Nestor.

Sasa angekuwa mtu mwingine, maneno yangeishia hapo. Lakini Godefroid alikuwa na ugonjwa wa kufikiri. Akaweka kifuniko chini taratibu. "Hawakuona kitu? Damu walipima?"

"Walipima."

"Mashine ya tumbo?"

"Walipitisha."

"Na mashine yenyewe haikuona kitu." Godefroid akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Bazee, ile njo sumu. Sumu ya kienyeji mashine haiioni. Muntu alimutilia Chef kitu."

Kisha likatokea jambo ambalo Nestor hajalisahau mpaka leo. Godefroid akanyanyuka kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha mikono, akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Kaa hapa, Chef. Pole sana."

Lazima muelewe. Kindu hakuna anayepoteza sumu yake kwa mtu wa bure. Sumu inakwenda kwa wenye cheo, kwa wenye nyota, kwa wale wanaoonewa wivu. Kulishwa sumu na ukaishi, hiyo ni zaidi ya nishani. Nestor akakaa kwenye kiti cha mikono. Karatasi ya docta ilikuwa mfukoni, inamgusa paja. Angeweza kuitoa. Hakuitoa. Alipumua kidogo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeteseka, "Ni Mungu tu anajua."

Mjinga wewe! Mungu alijua, docta alijua, na wewe ulijua!

Tangu siku ile mluzi ukafa. Akinyanyuka ghafla, wazee walivua kofia. Watu aliokuwa hawajui majina yao walimsimamisha njiani: Chef, vumilia, walikuonea wivu tangu wakati wa treni. Alikwenda msalani kwa fahari kama anakwenda kusaini mkataba. Siku tatu hizo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kasuku, ingawa tumbo lilikuwa vile vile.

Siku ya nne akafika Émilienne. Huyu ni dada yake mkubwa, yaya kwa lugha yetu, mjane, mwanamke wa sauti, aliyemlea Nestor mgongoni na hakuwahi kukubali kwamba alishashuka. Hata hakukaa. "Mudogo wangu, nimesikia. Nikuulize neno moja tu. Nani anakupikia?"

Nestor akageuka kutazama jikoni. Hilo hakulifikiri. Alikuwa amefikiria adui mwenye wivu, mtu wa mbali asiye na sura. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na Albertine alikuwa anatwanga sombe, mtwango ukasimama.

"Yaya, tuache maneno hayo," akasema.

Tuache! Hakusema si yeye. Hakusema docta kaniambia. Alisema tuache, na Émilienne akayachukua kama alivyotaka kuyachukua.

Kwetu anayempa mgeni kikombe huonja kwanza mwenyewe. Ni adabu ndogo, unagusa kwa midomo, unacheka, unampa. Émilienne aliigeuza polisi. Tangu siku hiyo, asubuhi, mchana na jioni, sufuria ilipoteremka, yeye alikuwa pale kwenye kigoda. Albertine alichota wali kutoka kila upande, sombe kutoka chini na kutoka juu, kipande cha samaki kichwani na kingine mkiani. "Tafuna," alisema Émilienne. "Meza. Fungua kinywa nione." Mwanamke wa miaka sitini, mama wa watoto watano, mwimbaji wa kwaya ya mamama, anafungua kinywa mbele ya wifi yake. Nestor alikuwa anatazama kalenda ukutani. Aliijua kalenda ile tarehe kwa tarehe.

Sayansi ya Émilienne haikushindwa na kitu. Mwezi ukaisha, Albertine amenawiri, maana anakula mara sita kwa siku, na Nestor bado anakimbia. Mtu mwenye akili angesema, basi chakula ni kizuri. Émilienne akasema, "Munaona? Huyu mke iko na dawa ya kuzuia sumu. Anakunywa kwa siri."

Akaamua kupika mwenyewe wiki nzima. Na kwa kuwa mgonjwa anahitaji nguvu, alimpikia maharagi kwa kabichi, kitunguu tele, pilipili ya kuamsha wafu. Nestor aliyameza kwa sababu hajawahi kumkatalia yaya yake kitu. Wiki ile hakufika barazani hata siku moja; alihamia msalani. Émilienne alisimama nje ya mlango wa bati akimpa moyo. "Iache itoke, mudogo wangu! Ile sumu ya zamani njo inatoka!"

Mara moja tu Albertine aliuliza. Ilikuwa mwezi wa tatu, wawili peke yao, anakunja nguo. "Baba Jeannot, yule docta alikuambia nini?"

"Hakuona kitu."

Albertine akamtazama kwa muda. "Sawa," akasema, akaendelea kukunja. Nestor alilala vibaya siku hiyo, na tumbo likamwadhibu mpaka alfajiri. Kesho yake karatasi ya docta aliiingiza kwenye jiko, akaiangalia ikiwaka. Alijiambia atasema, ila siyo wiki hii. Wiki hii kulikuwa na mgeni barazani kutoka Lubutu aliyekuja makusudi kumwona mzee aliyeshinda sumu.

Ndivyo ilivyokwenda mpaka mwezi wa sita, na Émilienne akaitisha baraza la familia. Jumapili baada ya misa, uani kwa Nestor, viti vikapangwa. Mwenye kauli alikuwa Mzee Soudi, mjomba wao, kofia nyeupe na tasbihi mkononi, maana katika familia ile nusu walikwenda msikitini na nusu kanisani, na kwa mambo ya ukoo wote walimsikiliza yeye. Godefroid alialikwa kama shahidi. Albertine alikaa peke yake upande wa jiko, amevaa kitenge cha kwaya.

Neno lilikuwa moja: arudishwe kwao Pangi, na kaka zake waambiwe sababu. Mwanamke akirudishwa kwao kwa ukorofi, watu wanacheka na kusahau. Akirudishwa kwa jina la sumu, hakuna atakayepokea kikombe mkononi mwake mpaka kufa. Wajukuu watafundishwa kukataa mandazi yake. Msiba ukitokea hatapika, harusi ikitokea hataitwa, na mtoto wa jirani akiumwa homa, mawe yataanguka kwenye bati lake. Kila mtu pale uani alijua, na Nestor alijua.

Émilienne alisema nusu saa. Godefroid alieleza habari za mashine isiyoona. Mzee Soudi akasikiliza, tasbihi ikapita mkononi, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Mimi simrudishi mke wa muntu kwa maneno ya barazani. Nestor, njo wewe uliyeoa. Sema kwa kinywa chako. Mke wako anakutilia sumu, ao hapana?"

Watu wote wakamtazama. Nestor akafungua mdomo, na hapo hapo tumbo likamshika. Si kama siku nyingine. Siku ile lilimshika kama mdai wake. Jasho likamtoka. Alisema "Mimi..." akanyanyuka, akasema tena "Mimi..." na miguu ikamchukua yenyewe. Mlango wa bati ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.

"Munaona?" Émilienne akaruka juu. "Mbele ya macho yetu! Anamufanyia hapa hapa!"

Choo kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye viti. Nestor, amechuchumaa, aliyasikia yote. Alimsikia Godefroid akisema kwamba hata yeye ameona. Alimsikia mjomba akisema tumsubiri. Alimsikia Émilienne akijibu kwamba mtu hawezi kusubiri mpaka ndugu yake afie msalani, kwamba kukimbia kwake ndilo jibu lake, na wengine wakaguna kukubali. Kisha akasikia sauti ya dada yake, imetulia sasa, sauti ya kazi iliyokwisha. "Mama Jeannot, ingia ufunge mizigo."

Alitaka kutoka. Tumbo lilikataa. Alijaribu kusimama, likamrudisha chini. Na Albertine kule nje hakusema neno, hakulia, hakujitetea, na ukimya huo ndio uliomshinda.

"Si yeye!" akapiga kelele Nestor.

Watu wote uani wakageukia choo. Bati lilikuwa jembamba.

"Si yeye! Hakuna sumu!"

"Sumu njo inamusemesha," akasema Émilienne.

"Émilienne, nyamaza," akasema Mzee Soudi. Akasogea hatua mbili kuelekea msalani, heshima zote mkononi. "Sema, mwanangu. Tunakusikia."

Na Nestor akasema. Mkuu wa stesheni, suruali ikiwa miguuni, akasema kupitia bati, kwa kukatizwa kila mara na sauti ambazo sitaziandika. "Docta aliniambia tangu mwezi wa pili! Ni utumbo wangu. Ulishtuka wakati wa vita, ile kuhara damu, mpaka leo unashtuka. Nikiogopa unanikimbiza. Naogopa mlango ukigongwa! Mimi, Chef, naogopa mlango! Na maharagi. Yaya, nisamehe, maharagi yako karibu yaniue."

Hakuna aliyecheka. Hata Godefroid hakucheka.

"Miezi minne ulijua?" akauliza mjomba. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Walinipa kiti," akasema Nestor. "Mlinipa kiti cha mikono, mkaacha kunipigia mluzi. Nikaona heri niwe nimelishwa sumu." Alikuwa analia sasa, hakujificha. "Mwaka ule wa vita nilikuwa maiti. Alinipa uji, yeye akala maganda. Nilimwona anayala! Mtu wa kutaka kuniua angenyamaza tu wiki ile, asinipe kitu, kazi ilikuwa imekwisha. Na mimi nimemkalisha pale mnamwangalia kinywani."

Mzee Soudi alivua kofia. Alikwenda mpaka upande wa jiko, akainama mbele ya Albertine, mzee wa miaka themanini, akaomba msamaha kwa jina la ukoo mzima. Wengine wakafuata, wanajikwaa kwenye viti. Godefroid aliondoka bila kuaga. Émilienne alibaki wa mwisho, anatazama mikono yake mwenyewe. "Kumbe maharagi," akasema. "Na mimi nilitia kabichi." Akajifunga kanga yake na kwenda zake kwa miguu, bila kusimamisha pikipiki.

Nestor alipotoka, viti vilikuwa vitupu. Alinawa mikono kwa muda mrefu. Albertine alikuwa ametoka ndani ya nyumba na begi lake la safari, na begi lilikuwa limefungwa vizuri, halikuwa begi la kufungwa kwa haraka.

"Mama Jeannot," akasema Nestor. "Weka hilo. Hakuna anayekufukuza tena."

"Najua. Njo maana naweza kwenda." Aliongea taratibu, bila hasira, na hiyo ilimtisha Nestor zaidi. "Kama ningetoka jana, ningetoka na jina la mulozi. Miezi minne nimetafuna mbele ya yaya yako ili nisiende na jina lile. Leo sina jina lile. Ninakwenda kwa Christelle, Alunguli, ng'ambo ya mto."

Christelle alikuwa binti yao wa tatu.

"Mwezi wa tatu nilikwenda kwa docta Tshiela," akasema Albertine. "Nilikwenda kumuuliza kama mikono yangu inaweza kukuua na mimi sijui. Nilianza kujiogopa, baba Jeannot. Nilikuwa nikiosha mchele mara tano. Docta akaniambia, mama, habari ya mgonjwa siwezi kuitoa, lakini papa nilimweleza yote, muulize. Nikarudi nikakuuliza, siku ile nakunja nguo."

Nestor aliikumbuka siku ile. Alikumbuka na jibu lake.

"Kwa hiyo ulijua kwamba najua," akasema. "Wakati wote huo."

"Nilikuwa nasubiri uniambie." Akainua begi. "Mchele uko kwenye kopo la bluu. Kuna samaki mbichi, umchemshe bila pilipili. Ule kidogo kidogo."

"Utarudi?"

Albertine alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la haki. "Sijui. Wacha kwanza nikae mahali nile na watu."

Alitoka kwenye njia, akainua mkono, pikipiki ikasimama. Nestor alimwangalia mpaka kwenye kona ya kuteremkia mtoni, kisha akaketi kwenye kiti kimoja kati ya vile vitupu na kusubiri tumbo limshike. Alisubiri mpaka jua likateremka nyuma ya bati. Halikumshika. Lilikuwa limetulia kabisa, laini, kimya, kama la mtu mwingine, na hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia.